Je, “meat” ni nyama? Mjadala

Katika madaftari mengi ya Kiingereza ya shule zetu kuna mstari unaosema kwamba “meat” ni sawa na nyama. Mwanafunzi anaukariri, anapata vema yake, anafungua ukurasa unaofuata. Mimi naona mstari huo unamdhulumu. Wapo wanaoutetea, tena kwa sababu zenye uzito. Sauti zinazofuata nimezibuni, ila hoja zake ndizo zinazosikika katika vyumba vya walimu, kwenye meza za wafasiri na mbele ya bucha. Nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MWALIMU: Nianze mimi, maana mstari huo ni wangu. Nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza. Darasa limejaa, kipindi ni dakika 40, na wengi walio mbele yangu wametoka shule za msingi ambako masomo yao yalikuwa kwa Kiswahili. Mtoto akiuliza “meat” ni nini, nimpe historia? Nampa nyama. Ni kweli, ni fupi, na akifika dukani London ataelewana na muuzaji.

MFASIRI: Shikamoo, Mwalimu. Sina ugomvi na kuanzia kwenye nyama. Ninachokataa ni ile alama ya usawa. Ukiiweka, unamwambia mtoto kwamba njia ni moja kwenda na kurudi. Sasa jaribu kurudi. “Amekonda, hana nyama mwilini.” Utaandika “meat” hapo? Mwingereza atashtuka, maana kwa binadamu yeye husema “flesh”. Kuuita mwili wa mtu “meat” ni kumshusha hadhi. Wanaokimbia asubuhi ili wapunguze nyama uzembe kiunoni nao hawana “meat” ya kupunguza. Na wazee waliosema “nyama mkali wa mwituni” hawakuwa wakizungumzia sahani. Walimaanisha mnyama mzima, mwenye kucha na meno.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Lakini hayo ni matumizi ya pembeni.

MAMA LISHE: Basi tuje katikati, kwenye sufuria zangu. Mimi nauza wali nyama, wali kuku, wali samaki, wali maharage. Mteja akisema “nipe nyama,” simuulizi nyama gani. Ni ya ng'ombe. Akitaka ya mbuzi ataitaja mwenyewe. Kuku ni kuku, samaki ni samaki. Akija mtu akaniambia hali nyama, nitamwekea samaki au kuku, na kwa Kiswahili changu nitakuwa nimemheshimu.

MWANASHERIA: Kwa samaki mtaelewana na Waingereza wengi, Mama. Wakisema “meat” aghalabu hawamhesabu samaki, na Mkatoliki anayejizuia nyama Ijumaa za Kwaresima hula samaki bila kuvunja sheria ya kanisa lake. Lakini kuku yumo ndani. Ukimwekea kuku mtu aliyekwambia hali “meat,” umemkosea.

MAMA LISHE: Ndiyo maana wageni wengine wananitazama vile. Haya, na kuna jingine. Watoto wakirudi shule wananiuliza, “Mama, leo mboga nini?” Nikiwajibu “nyama,” hakuna anayeshangaa.

MWANASHERIA: Mimi nashangaa. Nimekulia Nakuru. Kwetu mboga ni sukuma wiki, kabeji, managu. Ukiniambia mboga ya leo ni nyama nitauliza ni ipi kati ya hizo mbili.

MAMA LISHE: Huku kwetu mboga ni chochote cha kushushia ugali. Wengine husema kitoweo. Dagaa ni mboga, maharage ni mboga, nyama ni mboga. Tukitaka mchicha na matembele peke yake, tunasema mboga za majani.

Hapa naomba nisimame, kwa sababu Mama amegusa jambo ambalo kamusi zetu hulipita mbiombio. Mboga ya Tanzania haitaji kitu kwa umbo lake wala kwa asili yake. Inataja kazi ya kitu hicho mezani: kipo ugali au wali, na kipo kinachousindikiza. Kama kinachousindikiza kilikuwa na miguu au mizizi, hilo ni swali la pili. Mboga ya Kenya imeacha kazi hiyo ikabaki na mimea. Ni neno moja, katika nchi mbili zinazopakana, na bado Mama na mwanasheria wetu wanaweza kwenda sokoni pamoja wakarudi na vikapu tofauti. Sasa sikilizeni Mfasiri anapotaka kutupeleka, maana “meat” nalo limepita njia inayofanana na hiyo.

MFASIRI: Asante. Katika Kiingereza cha kale neno lilikuwa “mete,” na maana yake ilikuwa chakula, chakula chochote, hata cha mifugo. Ndugu zake wa Skandinavia wamebaki palepale: Mswidi na Mnorwe wakisema “mat,” Mdenishi akisema “mad,” wanamaanisha chakula. Mwingereza wa zamani alipotaka nyama alisema “flesh,” kama Mjerumani anavyosema “Fleisch” mpaka leo. Kuanzia karibu mwaka 1300 “meat” ilianza kusogea upande wa nyama, lakini haikuhama siku moja. Kwa karne kadhaa maana mbili ziliishi nyumba moja.

MWENYE BUCHA: Dada yangu, mimi nauza kwa kilo. Ya mwaka 1300 yananihusu nini?

MFASIRI: Yanakuhusu wewe na Mwalimu pia, kaka, kama mnasoma Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, iliyotoka mwaka 1611 na bado ipo makanisani hata hapa kwetu. Mwalimu, unaikumbuka Walawi sura ya pili?

MWALIMU: Ile ya sadaka ya unga. Unga mwembamba, mafuta, ubani.

MFASIRI: Ndiyo hiyo. Hamna tone la damu katika sadaka hiyo, hamna mfupa. Kiingereza cha 1611 kinaiita “meat offering.” Mwanafunzi wako mwenye alama ya usawa akiisoma ataandika sadaka ya nyama, na atakuwa ameigeuza ibada nzima. Waingereza wenyewe waliona tatizo: waliporekebisha Agano la Kale mwaka 1885 waliandika “meal offering.” Wafasiri wa Kiswahili hawakuteleza. Waliandika unga.

MWALIMU: Hilo sikuwahi kulitazama hivyo.

MFASIRI: Kuna pazuri zaidi. Aya ya mwisho ya Wakorintho wa kwanza sura ya nane. Paulo anasema chakula kikimkwaza ndugu yake, yeye nyama ataiacha. Kigiriki kina maneno mawili hapo, la chakula na la nyama. Kiingereza cha 1611 nacho kimeweka mawili: “meat” limesimama mahali pa chakula, na nyama imeitwa “flesh.” Yote katika aya moja! Ukiweka nyama palipo na “meat,” Paulo atakuwa anasema nyama ikimkwaza ndugu yake ataiacha nyama, na hoja yake itapungua. Alianza na chakula chochote, akamalizia na kile ambacho ndicho kilikuwa na mgogoro Korintho. Na katika Waebrania, wale wanaonyweshwa maziwa wakati wangepaswa kula “strong meat,” Kiswahili kinasema chakula kigumu. Mhubiri anayejiandaa kwa Kiingereza hicho na kuhubiri kwa Kiswahili anaweza kulisha waumini nyama ambayo mwandishi hakuitaja.

MWALIMU: Nakubali, na kwa mhubiri ni jambo zito. Lakini mimi sifundishi Kiingereza cha 1611. Mwanafunzi wangu anafanya mtihani wa Kiingereza cha leo.

MFASIRI: Cha leo pia kina mabaki. “Sweetmeat” ni nini?

MWALIMU: Nyama tamu?

MFASIRI: Ni peremende, kashata, vitu vya sukari. Halafu lipo “sweetbread,” ambalo wengi hudhani ni mkate mtamu. Hilo ndilo nyama! Ni tezi ya ndama au mwanakondoo, ya shingoni au kongosho. Lenye “meat” ni sukari, lenye “bread” ni nyama.

MWENYE BUCHA: Hilo limenigusa sasa.

MFASIRI: Ingia duka la Uingereza mwezi Desemba, kaka. Utaona chupa zimepangwa, zimeandikwa “mincemeat.” Mtu wetu anayetafuta nyama ya kusaga ya sambusa atanunua, atafungua, atakuta zabibu kavu, matofaa, maganda ya machungwa, viungo na sukari. Ni ya kujazia vitumbua vya Krismasi vya kuoka. Zamani humo mlikuwa na nyama kweli, iliyokatwakatwa ikachanganywa na matunda na viungo. Kidogo kidogo nyama ikatoka, yakabaki mafuta yake, yale mafuta magumu yanayozunguka figo. Siku hizi katika chupa nyingi hata hayo yamebadilishwa kwa mafuta ya mimea. Jina halikuondoka. Nyama ya kusaga yenyewe wao wanaiita “mince” tu, na Wamarekani wanasema “ground beef.”

MAMA LISHE: Kwa hiyo ukitaka kununua nyama ya sambusa, neno lenye nyama ndani yake ndilo la kukimbia.

Mama ameliweka vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Mtu anayejifunza lugha anahitaji kujua neno linakaa na nani. “Meat” likiwa peke yake kwenye orodha ya vyakula ni nyama. Likifuatana na “sweet” au “mince” limebeba maana ya mababu zake. Likifuatana na “nut,” “coconut” au “crab” ni ile sehemu ya ndani inayoliwa baada ya ganda kuvunjwa. Waingereza wana msemo wa kale kwamba chakula cha mmoja ni sumu kwa mwingine, na chakula hicho wanakiita “meat.” Ukitafsiri nyama, mtu atadhani ni onyo la kitabibu kuhusu ng'ombe.

MWENYE BUCHA: Basi na mimi niseme la kazi yangu. Kinachonisumbua kwa Waingereza ni majina. Mimi ng'ombe wangu ni ng'ombe akiwa zizini na ni ng'ombe akiwa ananing'inia kwenye ndoano. Nasema nyama ya ng'ombe, nyama ya mbuzi, nyama ya nguruwe, mteja anajua amekula nani. Wao mnyama ana jina lake na nyama yake ina jina jingine. Kwa nini?

MFASIRI: Mwaka 1066 Wanormani waliiteka Uingereza, na watawala wakawa wanasema Kifaransa. Majina ya wanyama yalibaki ya wachungaji, majina ya nyama yakatoka kwenye Kifaransa: “beef,” “mutton,” “pork,” “veal.” Walter Scott aliitia nguvu hoja hiyo katika riwaya yake Ivanhoe ya mwaka 1819, akaiweka kinywani mwa mchekeshaji wa kasri anayezungumza na mchunga nguruwe. Wasomi wanasema mgawanyo huo haukuwa safi tangu mwanzo. Maneno ya Kifaransa yalitumika hata kwa wanyama walio hai kwa muda mrefu. Lakini ulivyo sasa ndivyo ulivyo.

MWENYE BUCHA: Na “mutton” ni kondoo au mbuzi? Wateja wangu wenye asili ya Kihindi wakisema “mutton” wanataka mbuzi.

MFASIRI: Wako sawa, na Mwingereza yuko sawa. Uingereza ni kondoo mkubwa. India kwa kawaida ni mbuzi. Kiingereza cha India ni Kiingereza.

MWALIMU: Hapo sasa unaniongezea mzigo. Nifundishe “meat” ya nani?

Swali la Mwalimu ni la haki na sitalipamba. Kabla ya kulijibu, naomba tumsikilize Mwanasheria, kwa sababu katika miaka hii neno hili limefikishwa bungeni na mahakamani, na huko watu hawabishani kwa ajili ya alama za mtihani. Wanabishania mabilioni.

MWANASHERIA: Mwaka 2018 jimbo la Missouri, Marekani, lilipitisha sheria inayokataza kukiita “meat” kitu ambacho hakikutokana na mifugo au ndege wa kufugwa. Lilikuwa la kwanza Marekani, mengine yakafuata. Ufaransa ilitoa amri mwaka 2022, ikaiandika upya 2024, ikikataza majina ya buchani kwa vyakula vya mimea. Tarehe 4 Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema hapana: sheria za Ulaya za kumpa mlaji taarifa zinatosha kumlinda, na nchi haiwezi kukataza majina hayo kwa jumla kama haijakiwekea chakula husika jina lake la kisheria. Bunge la Ulaya lenyewe lilikataa katazo kama hilo Oktoba 2020, kisha Oktoba 2025 likapiga kura kuliunga mkono.

MWENYE BUCHA: Mimi niko na Missouri. Nikichinja, daktari wa mifugo anakagua, anapiga mhuri. Nyama yangu ikiharibika, hasara ni yangu. Nimejenga jina miaka yote kwa neno moja, nyama. Mtu anakamua soya kiwandani, anaikausha, anaiandika nyama, anachukua imani ya watu ambayo hakuitolea jasho. Kwangu huo ni wizi.

MAMA LISHE: Kaka yangu, nyama ya soya mimi naipika. Watu wanaijua. Inalowekwa, inakamuliwa, inaungwa kwa nyanya na vitunguu. Hakuna mteja wangu aliyewahi kudhani imetoka kwako. Wanaichukua kwa sababu ya bei, wengine kwa sababu ya presha. Nikiiita “soya” tu watauliza ni uji au ni maziwa. Neno nyama linawaambia inakaa upande gani wa sahani. Hata parachichi tunasema tuchote nyama yake.

MWANASHERIA: Hoja ya Mama ndiyo iliyoshinda mahakamani 2024, kwa kiasi fulani. Mlaji si mjinga. Mwambie wazi kilichomo.

MFASIRI: Naongeza jambo moja. Wafugaji wa Marekani wanaodai kwamba “meat” tangu zamani ni mali ya mnyama, historia ya lugha yao inawakana. Nafaka na mboga zilikuwa ndani ya neno hilo kabla halijafinywa.

MWENYE BUCHA: Na nyama? Nyama nayo ilikuwa chakula chochote?

MFASIRI: Hapana.

Hapa ndipo mjadala huu ulipo na uzito kwangu. Hoja inayomshinda mfugaji wa Missouri haimshindi mwenye bucha wetu. Historia ya “meat” ni ya chakula kilichobanwa kikawa nyama. Historia ya nyama ni nyingine kabisa. Neno hili limesambaa katika lugha za Kibantu kutoka kwetu mpaka kusini: Waganda wana “ennyama,” Wanyarwanda na Wazulu wana “inyama,” Washona wana “nyama.” Katika Kichewa nyama ni mnofu na pia ni mnyama mwenyewe, na katika Kilingala mtu akisema nyama anaweza kumaanisha mnyama. Kiswahili kimeongeza kiambishi kikapata mnyama, lakini undugu unaonekana kwa macho. Mwingereza akitamka “meat” haoni kiumbe ndani yake. Sisi tukitamka nyama, kiumbe kipo. Kwa hiyo wanaochukua hoja za mabunge ya Ulaya na kuzileta Dodoma au Nairobi zilivyo, wakatafsiri “meat” kwa nyama na kuendelea, wanaleta ugomvi wa neno jingine.

MWANASHERIA: Basi hii ya maabara utaiitaje? Mwaka 2013 Mark Post wa Maastricht alionyesha London baga iliyooteshwa kutoka seli za ng'ombe. Desemba 2020 Singapore ikaruhusu kuku wa namna hiyo auzwe. Italia ikapiga marufuku mwaka 2023, Florida ikafuata 2024. Ni mnofu, una seli za mnyama, na hakuna aliyechinjwa.

MFASIRI: Kwa Kiingereza linapita bila kukwaruza: “cultivated meat,” kwa sababu “meat” halidai mnyama. Kwa Kiswahili nikiandika nyama ya kuoteshwa, msomaji ataniuliza mnyama yuko wapi.

MWENYE BUCHA: Na amechinjwa na nani. Wateja wangu wengi hilo ndilo swali lao la kwanza.

Ndiyo, na ni swali la imani, si la lebo peke yake. Ama kuhusu soya, nasema ninavyoona: anayeuza alazimishwe kuandika soya kwa herufi zilezile alizoandikia nyama, si kwa zile ndogo za nyuma ya pakiti. Atakayeficha soya aadhibiwe kama mdanganyifu. Lakini kumnyang'anya Mama neno ambalo wateja wake wanalielewa hakumlindi yeyote. Mwenye bucha amenionyesha kwamba ana haki kubwa kuliko nilivyodhani. Bado naona haki hiyo inaishia kwenye kulindwa dhidi ya udanganyifu.

MWALIMU: Narudi kwenye swali langu ambalo mlilikimbia. Jumatatu nina kidato cha kwanza.

MFASIRI: Mwalimu, acha alama ya usawa. Weka sentensi tatu. Ya kwanza, “meat” ikiwa nyama ya kula. Ya pili, nyama isiyokuwa “meat”: hana nyama mwilini. Ya tatu, “meat” isiyokuwa nyama. Watafutie chupa ya Krismasi.

MWALIMU: Ya tatu nitaipeleka kidato cha tatu, wakianza kusoma vitabu. Ya kwanza na ya pili nakubali, zinaenea katika dakika 10.

MAMA LISHE: Na mboga yangu?

MWALIMU: Mboga yako, Mama, ndiyo inayonipotezea alama nyingi kuliko zote, na sikuwahi kujua kwa nini. Nikiwapa “Leo mboga yetu ni samaki,” darasa zima linaandika kwamba samaki ni “vegetable.”

MFASIRI: Na wewe ungeandika nini?

MWALIMU: Ningesema leo tunakula samaki, basi, na hiyo mboga ningeiacha. Kiingereza hakina pa kuiweka.

MWANASHERIA: Kwa mwanafunzi wa Nakuru sentensi hiyo ni kosa hata kabla ya kutafsiriwa.

MWALIMU: Basi nitawaambia hivyo pia.